Koti Lenye Kelele

Marlys, zima redio hiyo. Utabiri nimeshausikia mara mbili: mvua leo, mvua kesho, Jumamosi mvua iliyochanganyika na theluji na upepo mkali kutoka ziwani. Goti langu la kushoto lilikwisha kuyasema hayo tangu Jumatatu. Sogeza kiti ukae hapa karibu. Mdogo wako mwache pale pale mlangoni aliposimama, koti mwilini na funguo za gari mkononi. Macho yangu yamebakiwa na ukungu, lakini masikio hayajafa, nazisikia zinavyolia. Reino, simama utakavyo. Umeendesha mwendo wa saa nne kutoka Duluth kwa sababu dada yako alikulilia kwenye simu, si kwa ajili yangu, nami sikukuitia ugomvi. Ninaloomba ni moja tu: usifungue mlango huo mpaka nimalize.

Sikilizeni basi, wanangu. Mimi Arvid, mwana wa Kalle Kinnunen aliyechimba shaba mpaka mapafu yake yakawa mawe, safari yangu imefika ukingoni. Nesi anayekuja asubuhi anasema nina wiki mbili, ila analisema kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto kwamba sindano haiumi. Pumzi niliyo nayo inatosha mazungumzo haya na labda kikombe kimoja cha kahawa. Msinikatize. Na wewe Marlys usilie bado, machozi yatunze, yatahitajika huko mbele.

Nyumba hii ni ya Marlys. Amenifulia, amenilisha, ameniogesha miaka mitatu, na asitokee mtu wa kuja kuhesabu vijiko naye. Ekari arobaini za Kijito cha Mierezi, pamoja na kambi yetu ya mawindo, jiko lake la kuni na panya wake wote, ni za Reino. Usigune, Marlys. Nimekusikia. Nitakwambia sababu, na ukishaijua hutaguna tena. Msumeno wa injini ulio bandani nyuma ya matairi ni wa jirani yetu Tervo, mrudishieni. Miaka tisa nimemwambia sijauona, na kila nikishamwambia nakunywa kahawa yake. Unacheka? Cheka, lakini ujue umecheka uongo mdogo wa mtu mwenye uongo mkubwa.

Sasa zana za upinde. Najua mnajiuliza, mzee anakata roho na bado anataka kuongea habari za soksi. Ndiyo, nataka. Harufu ya mpira wa mabuti yako naisikia kutoka hapa, Marlys; umeshayaweka karibu na mlango, na Jumamosi utaingia kinamasini peke yako kama ulivyoingia peke yako miaka yote hii. Upinde si bunduki. Mwenye bunduki hukaa ndani ya kibanda chenye jiko, akala karanga, akampiga kulungu ng'ambo ya shamba. Mwenye upinde hukaa juu ya dungu lililofungwa mtini, mvua ikimwingia shingoni, asikohoe wala asijikune, akimngoja mnyama afike hatua kumi na tano. Kwa hiyo nguo zake ni nusu ya upinde wake, na akikosea nguo amekosea yote.

Anza na miguu. Mabuti yangu ya mpira yamezidi mguu wangu namba moja, na si kosa la muuzaji. Mguu uliobanwa haupati damu, na mguu usio na damu utaganda hata ukiuvika soksi za mfalme. Soksi nyepesi ndani, nene ya sufu nje, na jozi nyingine kavu ndani ya mfuko wa mkate mkobani. Juu yake kila kitu kiwe sufu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na msituni kinachokula ni pamba. Pamba ikilowa hunywa maji na kukaa nayo juu ya ngozi, ikavuta joto lako pole pole mpaka unaanza kusinzia. Sufu ikilowa inanuka kama mbwa, lakini bado inakupenda.

Na msiingie msituni mmevaa kila kitu. Hili nimelirudia tangu mkiwa wadogo. Mtu aliyejifunga nguo zote kwa ubaridi wa alfajiri atatoka jasho kabla hajafika, na jasho ni mvua inayotoka ndani, haina koti la kuizuia. Tembea mwepesi hata ukitetemeka kidogo, nguo nzito ziwe mgongoni. Fika, panda, jifunge mkanda wa usalama, tulia mpaka moyo upoe, ndipo ufungue mkoba uvae. Mkoba ndio nyumba yako. Kila ulichotia ukikute. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Upinde wangu wa magurudumu mchukue wewe, Marlys, ila ulegezwe kwanza. Uzito wa ugwe wake, ratili hamsini na tano, unauvuta kwa raha mwezi wa tisa ukiwa na fulana; baada ya kukaa saa tatu kwenye mvua ya Novemba mabega yanakuwa ubao, na nimeona wanaume wazima wakinyonga viuno juu ya dungu huku dume likiwatazama na kuondoka zake. Ugwe usugue nta. Ule upinde wa mti wa babu yenu ni wa Reino. Mishale yake ina manyoya ya bata mzinga, na manyoya yakilowa hulala, na mshale wenye manyoya yaliyolala huenda unakotaka wenyewe, basi funika podo. Mkono unaoshika upinde vaa mkono wa koti unaobana, au ufunge kwa kamba, maana ugwe ukinasa nguo mshale umepotea. Na chembe za mishale zinoeni mpaka zinyoe malaika ya mkono. Chembe butu kwenye mvua ni dhambi, kwa sababu mvua inaosha damu. Siku kavu ukishapiga unangoja nusu saa, mnyama alale afe kwa amani, ndipo ufuate matone. Siku ya mvua, ukingoja, njia imefutika. Usipongoja, unamsukuma mnyama mwenye jeraha kinamasini na wewe unamfuata ukiwa umelowa. Ndiyo maana nasema siku ya mvua piga karibu sana, au usipige kabisa. Sheria hiyo niliitunga nimeshachelewa.

Nipe maji, Marlys. Kidogo. Inatosha.

Limebaki koti la mvua. Reino, naona funguo zinalia zaidi. Ndiyo, tumefika hapo, na mimi ninaogopa kuliko wewe.

Mwaka ule, miaka thelathini na mmoja iliyopita, lilikuwako dume la kulungu kule kinamasini, pembe zake ncha kumi. Nililiona misimu miwili. Nilitaka lianguke kwa mshale wa Kinnunen kabla ya tarehe kumi na tano ya Novemba, msimu wa bunduki ukifunguliwa, kabla watu wa kusini, wa chini ya daraja, hawajapanda huku na bunduki zao na makreti yao ya bia. Nililisema hilo mezani kila siku, mpaka mama yenu Lempi akaniuliza, "Arvid, hivi ulinioa mimi au ulilioa hilo dume?" Kaka yenu Dale alikuwa na miaka ishirini, Reino kumi na saba. Wewe Marlys ulikuwa umeanza kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na mshahara wa kwanza ukamnunulia Dale koti la mvua, la kijani, lenye kofia, zuri kuliko nguo yoyote iliyopata kuingia nyumba hii. Alilivaa pale jikoni akainua mkono kama anayevuta ugwe, na koti likalia kama mtu anayekunja gazeti kanisani. Nikasema, "Hilo koti kulungu atalisikia mpaka Wisconsin." Dale akacheka, "Basi, Baba, huyo wa Wisconsin nakuachia wewe." Reino akaliomba la kuazima, Dale akamnyima, wakavutana, na Reino akasema, "Lishike hilo koti lako, ufe nalo!" Ulimi hauna mfupa. Lilikuwa neno la mdogo mtu aliyenyimwa kitu, na lingeyeyuka kabla ya chakula cha jioni kama mambo mengine yote.

Usiku ule Dale alilikunja akalitia mkobani kwa mikono yake, chini ya chupa ya kahawa.

Alfajiri, mlipokuwa mnakula, nilikwenda barazani ilipopangwa mikoba. Nikafungua mkoba wa Dale. Nikalitoa lile koti nikaweka shati langu la sufu mahali pake, ili mkoba usionekane umepungua, halafu nikalificha nyuma ya kuni za sauna, bafu letu la mvuke. Mimi. Si Reino. Reino hakuufungua mkoba ule kamwe, aliubeba tu mpaka kwenye pikapu, kwa sababu nilimwambia aubebe. Niliwaza, sufu inatosha, sufu haina kelele, mawingu ni membamba, na kijana wa miaka ishirini hafi kwa kulowa. Nililitaka dume, wanangu. Sina maneno mengine ya kulifunika.

Funguo zimenyamaza. Reino, bado upo? Naendelea.

Mvua ilianza saa nane mchana na haikukatika. Mimi na Reino tulikuwa upande wa kilima, chini ya misonobari; Dale alikuwa peke yake kwenye dungu la kinamasini. Nilijua Dale ameshafungua mkoba. Nilijua saa ile ile, na ningeweza kushuka nikamwambia turudi nyumbani, lakini nikasema moyoni, saa moja zaidi, dume litapita jioni. Na kweli lilipita. Dale alilipiga, na kwa kuwa mvua ilikuwa inaosha damu hakungoja, alishuka akalifuata ndani ya maji, kwa shati langu lile, maana sufu nayo ina mpaka wake, sufu haikufumwa kwa ajili ya mtu aliyezama mpaka kiunoni. Watu wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Dale alilisikia la mkuu tangu utotoni, alivaa kama mkuu alivyomfundisha, akapaki kama mkuu alivyomfundisha, na mkuu ndiye aliyemvunja.

Nilimpata mimi asubuhi, chini ya mwerezi, hatua mia tatu tu kutoka barabarani. Alikuwa amevua shati. Baridi ikimmaliza mtu humdanganya kwamba anaungua. Hayo mliyajua, yalisemwa. Ambalo hamkulijua ni mkoba wake. Niliukuta chini ya dungu, umegeuzwa ndani nje, mpaka mifuko midogo, mpaka mshono wa chini ameutatua kwa kisu. Alitafuta koti, wanangu. Alijua amelitia, hakuweza kuamini halimo, akalitafuta hata mahali pasipoweza kukaa koti. Niliugeuza mkoba nikaurudishia kahawa yake kabla watu wengine hawajafika. Hata hapo, mbele ya mwanangu amelala, nilikuwa na akili ya kugeuza mkoba.

Baada ya mazishi mama yenu aliuliza, akiwa amesimama karibu na sinki, wala hakunitazama: "Arvid, lile koti la Dale liko wapi?" Nami nikajibu, "Muulize Reino, ndiye aliyebeba mkoba." Maneno matano. Nimeyabeba kila siku na yamekuwa mazito kuliko maiti ya dume lolote nililowahi kulikokota. Akakuuliza, Reino, nawe ukasema, "Sijui, Mama, naapa sijui." Ulisema mara tatu. Na wewe Marlys ukamwambia, "Ulisema afe nalo. Haya, kafa bila hilo." Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Nikanywa kahawa.

Theluji haijayeyuka, Reino akaondoka kwenda kuchomelea vyuma vya meli, na nyumba ikatulia juu ya uongo wangu kama kuku juu ya yai viza. Mama yenu alikuandikia kila Krismasi, na kila barua iliishia kwa kusema amekusamehe. Kumsamehe mtu asiye na kosa ni kumpiga kofi kwa mkono laini. Barua hizo nilizipeleka posta mwenyewe, nikazibandika stempu kwa ulimi huu huu. Lempi alikufa akikulilia kama mwana aliyepotea, na hukuwa umepotea, ulifukuzwa. Kila mwaka nilisema, msimu ukiisha nitawaambia. Misimu thelathini na mmoja imeisha. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Kwangu yalikuja siku ile ile nikayafungia nje, yamekaa barazani yananingoja nitoke.

Koti lipo. Sikuweza kulichoma, nilijaribu mara mbili. Limo ndani ya lile debe la maziwa la chuma, chumba cha kuvulia nguo pale sauna, chini ya benchi, mfuniko nimeukaza kwa waya. Reino, kuna koleo juu ya...

Mlango huo.

Amefungua. Naisikia mvua kubwa sasa. Marlys, usimfuate! Kaa. Kaa, mwanangu. Ana haki ya kuondoka, nilimnyima haki zote isipokuwa hiyo. Nipe mkono.

Unasema nini? Sema tu, nivumilie nisikie. Ndiyo. Ndiyo, ulimwita muuaji, mbele ya mama yake. Lakini uliambiwa na baba yako, na mtoto humwamini nani tena? Lako hilo nalibeba mimi. Utakapomwona, kama utamwona, usianze na maelezo. Mwambie samahani, kisha unyamaze, umpe kahawa. Mkate wa iliki upo? Mkatie.

Injini haijawaka? Sikiliza vizuri. Mvua inanichanganya. Kama amekwenda, mwandikie kwamba kambi ni yake hata akiiuza kwa watu wa chini ya daraja, hata akiichoma moto. Jumamosi usiende peke yako, Marlys. Nimekufundisha kila kitu cha kujikinga na baridi isipokuwa hilo, kwamba zana ya kwanza ni mtu mwingine anayejua uko mti gani, na anayesema kweli.

Na mimi... msinivike sufu. Yale mashati yangu mazuri wapeni wanaoishi. Nizikeni na shati la pamba. Najua ninachosema. Pamba, Marlys. Ahidi.

Pumzi inakuwa fupi. Mto, uinue kidogo. Hivyo.

Mungu, wape hawa wawili... wape miguu mikavu. Wape mezani kwao sauti zaidi ya moja. Lile nililolifunga kwa ulimi, lifunguke. Uwarehemu, maana mimi sikuwarehemu. Marlys, uwe na maisha marefu. Na Reino, popote... popote barabara ilipomfikisha...

Nyamaza kidogo. Nini kile?

Si mvua. Mvua haiji kwa hatua. Kuna mtu amepanda ngazi, amepita jikoni. Marlys, kwa nini umeniachia mkono, mbona umesimama? Nani yuko mlangoni? Usiniambie. Mwache asogee mwenyewe.

Lile gazeti la kanisani. Miaka yote hiyo ndani ya debe na limezidi kuwa gumu, limezidi kelele. Kulungu wote wa nchi hii wamekwisha kukimbia, mwanangu. Waache wakimbie. Njoo huku kitandani, upande huu, sikio hili ndilo zima. Usiseme kitu kama huna cha kusema.

Inua mkono, Reino. Kama unavyovuta ugwe.

Tena.

Nasikia.